Amplifaya NAD 3020 ya marehemu mzee wangu: nimeitengeneza, sijanunua mpya, na fundi wa Jinja nampa nyota nne

Kwa wenye haraka naanza na jibu. Nimetengeneza. Jinja nimelipa shilingi 195,000 za Uganda kila kitu ndani, amplifaya inaimba pande zote mbili, na fundi nampa nyota nne kati ya tano. Kampala kabla ya hapo nilikuwa nimeshazamisha 80,000 kwa duka ambalo silitaji jina, hilo nalipatia nusu nyota na hiyo nusu ni kwa sababu walinipa kiti. Sasa wenye muda kaeni tuongee, maana watu wengi hapa Uganda wana hizi mashine za wazee kabatini na kila siku swali ni hilo hilo, nitengeneze au nitupe ninunue kitu cha kisasa.

Yenyewe ni NAD 3020, mzee alirudi nayo kutoka kozi Uingereza mwaka 1984, akaibeba kwenye mapaja kutoka Entebbe mpaka Walukuba, mtaa wetu hapa Jinja, kwa sababu hakuamini buti ya gari. Haivutii kwa macho. Sanduku la rangi ya matope, wati 20 tu kwa kila upande, ukiiweka karibu na zile za kijapani za miaka hiyo zenye uso wa fedha na mishale inayocheza inaonekana kama maskini aliyekuja kuomba chumvi. Lakini hii kitu ilitoka 1978, mhandisi wake ni Erik Edvardsen, na ikauzwa dunia nzima kwa sababu moja, zile wati 20 zake zina nguvu ya ukweli, ukiipa spika ngumu haianguki. Mama ana santuri zake za rumba tangu siku za kiwanda cha nguo na kila Jumapili baada ya misa lazima zipigwe. Kwa hiyo hapa nyumbani sio mambo ya makumbusho, ni kitu cha kazi.

Iliharibikaje? Ujinga wetu. Sikukuu ya mwaka mpya binamu yangu akaleta spika zake mbili kubwa akaziunga juu ya zile zetu, eti mtaa mzima usikie. Sasa wasiojua, omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme, zikipungua amplifaya inabeba mzigo zaidi. Spika ya omu 8 ukiiunga sambamba na nyingine ya omu 8 amplifaya inaona omu 4, na zile za binamu zilikuwa za omu 4 tayari kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, omu mbili na kitu, usiku kucha, na juu yake mtu ameweka kitambaa cha mapambo kimeziba matundu yote ya hewa. Saa tisa usiku upande wa kushoto ukakohoa, ukanyamaza.

Sikushtuka sana mwanzoni kwa sababu upande wa kushoto ulishawahi kukata miaka miwili nyuma na dawa yake ilikuwa bure. Nyuma ya 3020 kuna vile vipini vya chuma vyenye umbo la U vinaunga sehemu ya mbele ya amplifaya na sehemu ya nguvu. Vikishika kutu au vumbi upande mmoja unapotea. Unazima, unachomoa, unasugua na kitambaa chenye spiriti, unarudisha. Na swichi na knobu hivyo hivyo, unapuliza spreyi ya kusafishia swichi (sio petroli jamani, nimeona watu wanatumia petroli, inakula plastiki) unazungusha mara thelathini kushoto kulia. Nakwambia kabla hujampelekea fundi yeyote shilingi moja fanya hayo kwanza, amplifaya nyingi za zamani zinazosemwa zimekufa zimejaa uchafu tu. Safari hii nikasugua vyote, kimya. Na kulikuwa na harufu.

Basi nikiwa Kampala kwa shughuli zangu nikaibeba. Watu wakanielekeza duka moja la juu ghorofani, limejaa televisheni zilizofunguliwa matumbo, vijana wachangamfu, "mama karibu, hiyo ni kitu kidogo." Hawakupima chochote mbele yangu. Walisema transista zimeungua (vile vipande vya ndani vinavyosukuma sauti kwenda spika), elfu themanini, rudi kesho kutwa. Nikarudi, ikalia pande zote, nikafurahi, nikalipa, risiti hakuna. Nyumbani ikakaa siku tisa. Siku ya kumi mama yuko katikati ya santuri tukasikia kama mtu amepiga kofi, halafu moshi mwembamba. Nikawapigia, wakasema ilete, nikapanda taksi tena na ile mashine mapajani kama mzee wangu, nikafika, kijana akaiangalia dakika mbili akatikisa kichwa, "mama hii imekufa, bodi imeungua yote, spea zake hazipatikani tena dunia nzima, lakini niachie tu nitakupa elfu hamsini."

Hapo ndipo akili ikaniamka. Kama imekufa kabisa, elfu hamsini ya nini?

Nikaibeba nikarudi nayo. Ila nakubali njiani kuanzia Mukono mpaka Lugazi nilikuwa nimeshaamua kununua mpya, nimechoka. Na hapa niseme ukweli, upande wa kununua una hoja zake, sio kwamba mimi ni mtu wa kuabudu vitu vya zamani. Kaka yangu yuko kijijini Mayuge, ana kile kiamplifaya kidogo cha kisasa ukubwa wa kitabu cha dua, ndani kina chipu moja inaitwa TPA3116, kina blututhi, alikinunua 320,000 mpaka kinamfikia. Nilikiazima wiki mbili. Banange, kinaimba! Kwa muziki wa simu sina lawama, ni safi, hakipati joto karibu hata kidogo kwa sababu aina hiyo haipotezi umeme mwingi, na kikubwa zaidi kwa mtu wa kijijini ni kwamba kinakula umeme wa betri moja kwa moja, anaunga kwenye betri ya sola hakuna inveta wala nini. NAD huwezi kuifanyia hivyo, lazima inveta. Kwa hiyo kama unaishi na sola na muziki wako wote uko kwenye simu, hata usimalize kusoma hapa, nunua hicho, ile ya zamani mpe mtu.

Lakini nikaunga ile deki ya santuri ya mama. Sauti kama nzi kwenye chupa. Sababu ni kwamba sindano ya santuri inatoa umeme kidogo sana, milivolti tatu nne tano hivi, na besi yake imepunguzwa makusudi wakati wa kuchonga sahani ili mifereji isigongane, kwa hiyo inataka sakiti yake maalum ya kuinyanyua na kurudisha ile besi. NAD inayo ndani, imeandikwa phono hapo nyuma. Hiki kidogo hakina. Ukitaka, unanunua kisanduku kingine, niliambiwa 150,000. Tayari 470,000. Nikauliza pia amplifaya za mtumba zinazotoka Ulaya, yenye phono, 550,000, na hiyo nayo ina miaka thelathini kwa hiyo nanunua ugonjwa wa mtu mwingine ambao siujui. Angalau wa kwangu naujua.

Na yale masanduku makubwa yenye taa za disko yaliyoandikwa wati elfu kumi, naomba sana, geuza nyuma usome kibandiko cha umeme. Volti zidisha kwa ampea. Kama adapta ni volti 12 na ampea 3 hizo ni wati 36 zinazoingia, sasa wati elfu kumi zitatoka wapi, kwa maombi?

Fundi wa Jinja nilielekezwa na jirani. Hana bango. Yuko kwenye kibaraza nyuma ya mstari wa cherehani karibu na soko kuu, mzee wa miaka sabini na kitu, zamani alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda, anaongea kile Kiswahili chetu cha Walukuba kilichochanganya makabila yote ya waliokuja kufanya kazi mjini. Nilimsalimia shikamoo akaitika marahaba huku bado anatazama mashine, sio mimi. Akauliza, "Nani ameifungua hii?" Sikuwa nimemwambia imefunguliwa. Aliona skrubu.

Sasa nataka mjue alichofanya kwa sababu hapa ndipo unamjua fundi na unamjua tapeli. Kitu cha kwanza hakuiwasha. Alitoa ubao una soketi na balbu ya zamani ile ya kioo yenye waya ndani, wati 100, ile ile wafugaji wanawashia vifaranga, akaiunga katikati ya umeme na amplifaya. Akanieleza, "Mwanangu, ikiwa ndani kuna shoti, balbu itawaka kali na mashine haitaungua zaidi. Ikiwa nzima, balbu itawaka kidogo halafu itafifia." Ikawaka kali. Akazima. Akachomoa transista nne, mbili za kila upande, akawasha tena, balbu ikafifia. "Transfoma yako nzima. Tunaweza kuongea." Kila kitu kilitegemea hapo. Transfoma ingekuwa imeungua angenirudishia, aliniambia waziwazi, kwa sababu kuisuka upya kwa volti zile zile ni kazi ya gharama na mtu wa kuisuka vizuri siku hizi ni wa kutafuta na tochi.

Halafu akanipa ile transista iliyoungua, moja ya zile walizoweka Kampala, nishike mkononi, na mkono wa pili akanipa nyingine ya zamani kutoka kwenye kopo lake. Ya kwanza nyepesi kama kifuniko cha soda. Zote zimeandikwa 2N3055. Hii transista sio kitu cha ajabu, iko tangu miaka ya 1960, kila fundi wa inveta anaijua, inastahili kubeba ampea 15 na wati 115, na mwenzake kwenye NAD ni MJ2955. Kwa hiyo ile hadithi ya spea hazipatikani dunia nzima ni uongo mtupu, ni kama kuambiwa Uganda hakuna matoke. Fundi akachukua msumeno wa chuma akaikata kofia ile ya Kampala. Ndani kulikuwa na kipande cha silikoni kidogo kama punje ya mtama kimekaa peke yake. Akakata na ile ya zamani iliyokufa siku nyingi, kipande chake kikubwa zaidi ya mara nne kwa macho. "Hii ndogo wameipa jina la kaka yake," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Na bado. Chini ya hizo transista kunatakiwa karatasi nyembamba ya maika na ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, kwa sababu mwili wenyewe wa transista una umeme na haupaswi kugusa bati la kupozea. Upande mmoja maika ilikuwa imechanika, dawa hakuna hata tone. Yaani hata zingekuwa orijino zisingevuka mwezi.

Akaandika hesabu nyuma ya kalenda. Transista nne orijino 60,000. Kapasita (vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme) za sehemu ya umeme na nyingine kumi na kitu kwenye bodi 45,000. Spreyi na dawa ya joto 10,000. Kusafirisha 10,000. Mikono yake 70,000. Nikamuuliza kapasita za nini wakati zilizoungua ni transista, nikidhani sasa naye ameanza. Akanijibu bila kukasirika kwamba kapasita ni kama mpira wa gari, unazeeka hata gari likiwa limepaki. Zile za zamani nyingi ni za digrii 85 na zimekaa ndani ya joto miaka arobaini, maji yake yanakauka, mngurumo unaanza. Za kuweka ni za digrii 105, na kila ukipunguza joto digrii 10 maisha yake yanakuwa mara mbili. Ila alikataa kubadilisha zote. Zile za rangi ndogo ndogo za plastiki hazizeeki hivyo, akasema anayekubadilishia kila kitu anakuuzia kopo lake la spea. Hapo nikamwamini.

Spea aliagiza Nairobi, kwa mtu wake wa miaka mingi wa Luthuli, ule mtaa wa maduka ya elektroniki, na parseli inapanda basi la usiku linalokuja Kampala, Jinja iko njiani basi linashusha alfajiri. Raha tupu kwenye maelezo. Kwenye vitendo, ndio ile nyota ya tano ilipoanza kuyeyuka. Aliniambia wiki moja. Zikawa wiki sita. Simu hapokei, na akipokea ni "kesho mwanangu." Mara ya kwanza mtu wa Nairobi alituma MJ2955 tatu na 2N3055 moja badala ya mbili mbili, ikabidi kusubiri nyingine. Halafu mazishi kwao Budaka, sawa, hayo ni ya Mungu. Halafu mvua, kibaraza kinavuja, hafungui mashine za watu mvua ikinyesha, na hilo kusema kweli nalishukuru. Mimi nilikuwa napita pale kila Jumamosi na rolex mbili (chapati iliyoviringishwa na mayai), moja yake, kama rushwa ndogo ya kumkumbusha.

Siku ya kuchukua ndio ilinimaliza kabisa. Hakuwasha muziki kwanza. Aliwasha na ile balbu, ikafifia. Akatoa balbu akaiunga moja kwa moja, akaweka mita kwenye matundu ya spika bila spika, kushoto milivolti 14, kulia 19. Akanionyesha namba. Akasema ikiwa chini ya hamsini huna shida, lakini ukiona volti nzima pale usiunge spika hata kwa kuomba, huo umeme unakaanga koili ya spika na ndio maana watu wanatengeneza amplifaya halafu wanazika spika. Akaiacha imewaka nusu saa tunakunywa chai, akapima tena, namba karibu zile zile. Ndipo akaunga spika zake mbovu za kujaribia, ambazo zimepasuka pembeni, na redio ikaimba. Spea zote za zamani alinipa kwenye kaveera, mfuko wa plastiki. Sikuziomba.

Malalamiko mengine madogo. Kifuniko kimepata mkwaruzo wa sentimita kama nne ambao haukuwepo, anasema ulikuwepo. Skrubu mbili za juu sio zake, moja ni ya cherehani nina uhakika. Risiti hana ila ameandika tarehe kwa peni ndani ya kifuniko na kusema ikifa ndani ya miezi sita kwa kosa lake nirudishe, ikifa kwa spika za binamu nisimjue. Na taa moja kati ya zile ndogo zinazopanda na sauti haiwaki.

Sasa ni miezi mitano. Sauti ni ile ile niliyokua nayo, labda besi imekaza kidogo na ule mngurumo wa chini uliokuwepo kabla hata ya kuharibika, ambao tulikuwa tumeuzoea tukidhani ni wa santuri, haupo. Mama alisema mara ya kwanza, "Kumbe huyu mwimbaji huwa anavuta pumzi." Umeme ukikatika tunachomoa kabisa ukutani, hatuzimi tu swichi, kwa sababu ukirudi saa nyingine unarudi kwa kishindo, na nimeongeza kistabilaiza kidogo ambacho hesabu yake sijaiweka kule juu kwa kuwa friji pia inakitumia. Kitambaa cha mapambo kimepigwa marufuku. Binamu naye.

Mkitaka kwenda, yuko Jumanne mpaka Jumamosi, asubuhi ndio nzuri maana mchana jua linampiga kwenye macho halehemu. Waulize wa cherehani kwa mzee wa redio ni wapi. Nenda na mashine, usiende na haraka, na usimwambie ugonjwa ni nini, mwache apime mwenyewe, ukimwambia anachukia. Jana amenipigia simu, yeye mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu nimjue, eti ile taa imepatikana, elfu tano, nilete. Nimemwuliza itachukua siku ngapi. Akasema, "Kesho tu, mwanangu." Nimemwambia aiweke kwenye kopo.